Sindano ya Buba na Malengelenge

Huku kwetu Masasi na Newala, imani ya watu kwa tiba ya hospitali ilianzia kwenye ngozi. Kabla wengi hawajakubali kupasuliwa au kujifungulia kwa waganga wa misheni, walikubali sindano ya buba. Ugonjwa ule uliwajaza watoto vidonda mwili mzima, na wakubwa ukawala nyayo na mifupa. Katika miaka ya 1920, misheni ya UMCA na serikali ya Waingereza walipoanza kuisambaza sindano hiyo, watu waliifuata kwa miguu kutoka mbali, maana waliona vidonda vikikauka.

Ndani ya sindano ile mlikuwa na madini. Kulikuwa na dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu na bei yake ilikuwa ghali. Kisha ikatumika bismathi, madini mazito lakini ya bei nafuu. Dk. Leader Stirling, ambaye katika miaka ya 1970 alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alipoanza kazi Lulindi mwaka 1935, sindano ilikuwa imekwisha kujipatia jina. Baada ya Vita Kuu ya Pili penisilini ilichukua nafasi ya bismathi, lakini imani ikabaki.

Nadhani imani hiyo ilitufundisha jambo moja: adui wa ngozi hutoka nje, na dawa kali ya madini humwua. Kwa buba hilo lilikuwa kweli. Kwa pemfigasi si kweli. Katika ugonjwa huu kingamwili, ambazo ni askari wa mwili, huwageukia wenyeji na kushambulia gundi inayoshikanisha seli za ngozi. Ngozi huachana, malengelenge huinuka na kupasuka, mara nyingi yakianzia mdomoni, na mgonjwa huwa kama aliyeungua moto. Hauambukizi. Katika karne ya 19 madaktari wa Ulaya waliujaribia aseniki, lakini wagonjwa wengi waliendelea kufa mpaka dawa za jamii ya kotisoni zilipoanza kutumika, mnamo mwaka 1950.

Tangu hapo wataalamu wameanza kuyatazama madini kwa jicho jingine. Mwaka 1969 madaktari wa Ufaransa walieleza habari za mgonjwa aliyetokwa na pemfigasi alipokuwa akitumia penisilamini, dawa ya kuondoa shaba iliyozidi mwilini. Kumbe kitu kilichoingizwa mwilini kwa nia njema chaweza kuwachochea askari wale. Na huko El Bagre, Kolombia, kwenye machimbo ya dhahabu, watafiti walikuta aina ya pemfigasi imejikusanya katika eneo moja, miongoni mwa wakulima na wachimbaji. Walipopima ngozi, wakakuta zebaki.

Habari hiyo yatuhusu, kwa sababu wachimbaji wetu wadogo wa Chunya na Geita nao wamekuwa wakikamatisha dhahabu kwa zebaki na kuichoma hadharani. Lakini tusihukumu haraka. Aliyeishi El Bagre bila kuugua naye alivuta hewa ile ile. Kuikuta zebaki penye ugonjwa ni sababu ya kuichunguza na kujihadhari nayo. Bado si ushahidi kwamba ndiyo iliyouleta.

Kilichopo hatarini ni uhai wa mtu. Mwenye malengelenge yasiyopona akidhaniwa amerogwa, hutengwa. Akidhaniwa ana kidonda cha kawaida, huchomwa sindano moja baada ya nyingine huku ngozi ikiendelea kuachana, maji yakimtoka na wadudu wakiingia. Tangu mwaka 1992 Moshi pamekuwa na kituo cha kufundisha waganga wa ngozi, katika hospitali ya KCMC, ili wilayani apatikane mtu wa kutofautisha magonjwa haya. Wazee wetu walitembea mwendo mrefu kuifuata sindano. Mgonjwa wa leo naye apelekwe, hata kama ni mbali, kwa mtu atakayemchunguza kwanza ndipo amtibu.