Mkanda si kanda

Anayetaka kuingiza kwenye kompyuta sinema za familia zilizopigwa miaka ya 1970 aanze kwa kuuliza: mkononi ana mkanda au kanda? Wengi huyachanganya maneno haya. Kanda, ya kaseti au ya video, huhifadhi sauti na picha kwa sumaku. Ilaze juu ya kioo cha skana, utaona utepe wa kahawia tu. Mkanda wa sinema una picha zinazoonekana kwa macho ukiuinua kwenye mwanga, na ndiyo maana skana ya mezani inauweza, mradi iwe na taa kwenye kifuniko.

Chukua Super 8, iliyoletwa na Kodak mwaka 1965. Upana wake ni milimita 8, urefu wa rola moja mita 15 hivi, na humo mna picha zipatazo 3,600 zinazokwisha kwa dakika tatu na ushei. Kipande cha sentimita 20 kilicholazwa kwenye skana kina picha 47 tu. Kwa hiyo unasogeza, unaskani, unasogeza tena, kisha programu inafuata vitundu vya pembeni, inazitenga picha na kuziunganisha upya ziwe mwendo.

Kila kipicha cha mkanda nakiita fremu, neno la mkopo ninalolitetea, maana picha tayari ina kazi nyingi: waliokwenda “kuangalia picha” walikwenda sinema. Filamu nayo tuiachie kazi nzima, hadithi na waigizaji wake.