Kuotesha mimea kwa vipandikizi: je, unahitaji sanduku la kupasha joto?

Kama una eneo dogo la kulima kambini, kwenye makazi ya wakimbizi au katika kijiji jirani, huenda huna pesa za kununua mbegu kila msimu. Mimea mingi haihitaji mbegu. Unaweza kukata kipande cha shina au tawi, ukakitunza kikatoa mizizi na kuwa mmea mpya. Kipande hicho huitwa kipandikizi. Makala haya yanakueleza jinsi ya kukichagua na kukiotesha, na kama kuna haja ya kutumia pesa zako kwa sanduku la umeme.

Anza na mmea mama wenye afya

Kipandikizi ni nakala ya mmea kilikotoka. Kama mmea mama unazaa vizuri, nawe utapata mazao mazuri. Kama una ugonjwa, unaupeleka ugonjwa huo shambani kwako.

Kwenye mihogo, angalia magonjwa mawili:

- Batobato: majani yana mabaka ya njano na kijani, na mara nyingi yamejikunja.
- Michirizi kahawia: majani na shina vinaweza kuonekana vizima, lakini muhogo wenyewe umeoza ndani na una madoa ya kahawia.

Kwa hiyo usikubali mashina kwa kuangalia majani tu, hata kama unapewa bure. Omba shina ling'olewe, kisha kata mihogo yake kadhaa uone ndani. Muhogo hukaa ardhini karibu mwaka mzima. Ukikosea mwanzo, utagundua wakati wa kuvuna, na familia ilikuwa inautegemea.

Mihogo na viazi vitamu: panda moja kwa moja

Kwa muhogo, chukua sehemu ya katikati ya shina lililokomaa, la miezi 8 hadi 12. Kata vipande vya sentimita 20 hadi 30 vyenye macho 5 au zaidi. Ncha changa ya kijani iache, maana hukauka haraka.

Kwa viazi vitamu, fanya kinyume chake: chukua ncha za marando, sentimita 20 hadi 30. Sehemu ya chini ya rando, karibu na shina, mara nyingi ina mayai ya fukusi. Yaweke marando kivulini siku moja au mbili, kisha panda ukifukia vifundo visivyopungua vitatu.

Kama kiangazi hukausha marando yako yote, hifadhi viazi vidogo vizima, visivyo na matundu, ndani ya mchanga mkavu. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, vipande kwenye tuta dogo karibu na nyumba na uvimwagilie. Mvua ikianza, utakuwa na marando yako mwenyewe bila kununua.

Sanduku la nailoni kwa matawi yenye majani

Mlimau, mforosadi na rozimari huoteshwa kwa vijitawi vyenye majani. Kijitawi hakina mizizi ya kunywa maji, lakini majani yake yanaendelea kupoteza maji. Kinachokiua mara nyingi ni ukavu. Lengo lako ni kukiweka penye unyevu na kivuli mpaka mizizi itoke.

1. Tengeneza fremu ya mbao na uifunike yote kwa nailoni inayopitisha mwanga. Chini pia tandika nailoni ili maji yasipotee.
2. Weka mawe madogo, kisha kokoto, na juu kabisa mchanga safi wa mtoni.
3. Mwaga maji yajae kwenye mawe lakini yasifike kwenye mchanga. Mchanga uwe na unyevu, usiwe tope.
4. Kata vijitawi vya sentimita 10 hadi 15 asubuhi kwa kisu safi. Ondoa majani ya chini, na makubwa yakate nusu.
5. Vichomeke kwenye mchanga, ufunike, na uweke sanduku kivulini.

Vingi hutoa mizizi kati ya wiki 3 na 6. Vuta kidogo: kikishikilia, kimeota. Hamishia kwenye kikopo chenye udongo, na uzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki mbili kabla ya kupanda shambani.

Sanduku la umeme linafaa lini?

Sanduku la umeme hupasha mchanga joto kutoka chini. Mizizi ya mimea mingi hutoka vizuri mchanga ukiwa na nyuzi 18 hadi 25. Sehemu nyingi za kwetu zina joto hilo bila umeme. Kakuma, ambako mchana joto mara nyingi hupita nyuzi 35, shida ni kupunguza joto.

Linaweza kukufaa ukiishi nyanda za juu zenye baridi, au ukipelekwa kuishi Kanada au Ulaya. Ukinunua, chagua lenye kidhibiti joto, matundu ya hewa na kifuniko kirefu cha kutosha mimea yako. Angalia pia wati. Sanduku la wati 20 likiwaka usiku na mchana hula karibu nusu uniti kwa siku, yaani zaidi ya uniti 14 kwa mwezi. Sola ndogo ya taa na simu haitaliweza.

Ukihama au kurudi nyumbani

Watu wengi hutamani kubeba mashina ya mihogo yao. Usivuke nayo mpaka bila kibali cha afya ya mimea. Fungu moja lenye ugonjwa linaweza kuharibu mashamba ya kijiji kizima unakokwenda. Kabla ya kusafiri, muulize afisa kilimo wa eneo lako, na ukifika, uliza ni wapi unaweza kupata mashina yaliyokaguliwa.