Mapazia na Mavuno: Historia ya Nguo za Nyumbani Ufipa

Uwanda wa Ufipa umeinuka kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kati ya bonde la Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, na mwaka wake una sura ambazo kila mkulima anazijua. Mvua huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Juni na Julai ni miezi ya baridi kali na upepo. Baada ya hapo ardhi hukauka, na hadi Oktoba vumbi jekundu hutua juu ya kila kitu, kuanzia Sumbawanga mjini hadi Matai, na kusini hadi Kasesya kwenye mpaka wa Zambia. Mtu akiuliza ni lini nyumba za huku hubadilisha mapazia, vitambaa vya makochi na vya meza, jibu la haraka ni kwamba watu hufuata fasheni ya Dar es Salaam, nayo Dar es Salaam hufuata ng'ambo. Jibu hilo, kwa maoni yangu, limekosea jambo la msingi. Fasheni huleta rangi na maua ya kitambaa. Wakati wa kubadilisha huamuliwa na shamba, na utaratibu huo una umri mkubwa kuliko madirisha yenyewe ya Ufipa.

Ushahidi wa kwanza ni wa karne ya 19. David Livingstone alipopita Ufipa mwishoni mwa mwaka 1872, miezi michache kabla ya kifo chake, alikuta pamba ikilimwa na watu wakivaa nguo waliyoifuma wenyewe, nyeupe yenye milia myeusi. Nguo hiyo, seketa, ilikuwa nzito na yenye kudumu. Kitanda cha mfumi kililazwa chini: vigingi vilipigwa ardhini, vijiti viwili vikashika nyuzi za mtande, na mwanamume akaketi chini akipitisha mshindio kwa mkono, mstari baada ya mstari, akiukaza kila mara kwa ubao bapa wenye umbo la upanga. Nguo moja ilikula wiki kadhaa. Kazi ya namna hiyo haikuweza kufanyika mtu akiwa analima, kwa sababu mikono iliyofuma ndiyo iliyotengeneza yale matuta ya mviringo ambamo Wafipa hufukia majani ili yaoze yawe mbolea, na kitanda kilichotandazwa uani hakivumilii mvua. Pamba nayo haikupenda baridi ya uwandani. Ilistawi chini, bonde la Rukwa na kandokando ya Tanganyika, wakati uwanda wenyewe ulikuwa na chuma, kilichoyeyushwa katika tanuri ndefu za udongo zilizomzidi mtu kimo. Kuyeyusha chuma pia kulikuwa kazi ya kiangazi. Majembe yalishuka, nguo zikapanda, na njia za kubadilishana zilifunguka wakati uleule ambapo maghala yalikuwa yamejaa. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliutumia ufumaji na uhunzi wa aina hii kuonyesha kwamba uchumi wa bara haukuwa umelala ukisubiri wageni, na Roy Willis, aliyeandika historia ya dola ya Ufipa mwaka 1981, alionyesha jinsi biashara hiyo ilivyoshikamana na utawala wa uwandani.

Msomaji makini atapinga hapo hapo: seketa ilivaliwa mwilini, haikutundikwa ukutani wala dirishani. Pingamizi hili ni la haki. Nyumba ya zamani ya miti, udongo na nyasi haikuwa na dirisha la kuwekea pazia, na nguo iliyovaliwa mchana ndiyo iliyomfunika mtu usiku wa baridi. Sidai kwamba pazia ni mtoto wa seketa. Ninachodai kinahusu kalenda: kwamba mtu wa Ufipa alipata nguo mpya baada ya kuvuna, kwa sababu kabla ya hapo hapakuwa na muda wa kuifuma wala nafaka ya ziada ya kuibadilisha. Kalenda hiyo ndiyo iliyobaki hata seketa ilipokufa. Na haikufa haraka kama inavyodhaniwa. Merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kilikuwa kimetawala njia za misafara tangu miaka ya 1830. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoipunguza, viwanda vya Bombay viliziba pengo. Lakini kila jora lililofika Ufipa lilikuwa limebebwa begani kwa miezi, na gharama ya wapagazi ilimlinda mfumaji wa Rukwa. Katharine Frederick, katika utafiti wake wa mwaka 2020 juu ya ufumaji wa Afrika Mashariki, ameeleza vizuri kwamba umbali kutoka pwani ulikuwa ngao. Ngao hiyo ilivunjwa na serikali. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza 1898, ilidai fedha taslimu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Vijana ambao kiangazi kingewakuta kwenye kitanda cha mfumi wakaenda kutafuta ujira, wengine mbali hadi mashamba ya mkonge ya Tanga. Waliobaki walinunua nguo dukani, na mara nyingi duka lililouza nguo ndilo lililonunua mazao. Gunia lilipimwa upande mmoja wa kaunta na kitambaa kikapimwa upande wa pili.

Dirisha liliingia Ufipa kwa mlango wa misheni na boma. Mapadri Weupe walichukua kituo cha Karema mwaka 1885, na Wajerumani wakajenga boma lao Bismarckburg, Kasanga ya leo. Majengo hayo ya matofali yalikuwa na matundu makubwa ukutani yaliyohitaji kufungwa, kwanza kwa mbao, baadaye kwa vioo na nondo, na matofali yalipozoeleka vijijini, dirisha likazoeleka nayo. Lakini misheni ilileta jambo jingine ambalo historia za mapambo hulisahau kabisa, nalo ni mfano wa kubadilisha nguo za chumba kwa msimu. Ufipa imekuwa nchi ya Wakatoliki kwa zaidi ya karne moja, na kanisani mavazi ya padri na vitambaa vya altare hufuata mwaka wa liturujia: zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyeupe kwa Noeli na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste, kijani kwa majuma mengine. Kabla redio haijaingia kijijini, kabla ya televisheni na simu, hilo lilikuwa darasa la wazi, kila Jumapili, kwamba chumba kinaweza kuvuliwa na kuvishwa kulingana na wakati wa mwaka. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana kushona, kudarizi na kufuma kwa uzi, na kitambaa cheupe cha kufuma kilichotandazwa juu ya kiti, redio au meza ya sebuleni ni mzawa wa darasa hilo. Sisemi kwamba mama wa nyumba huko Matai hutundika pazia la zambarau Kwaresima inapoingia. Wazo la kubadilisha ndilo lililotoka huko. Rangi kila mmoja alijichagulia.

Hapa linakuja pingamizi gumu kuliko yote. Noeli ni kilele cha mapazia mapya, na Noeli huangukia Desemba, mvua zikiwa zimeanza, mbegu na mbolea zikiwa zimekwisha kula akiba ya nyumba, na mavuno yako mbali kwa miezi mitano. Kama shamba ndilo linaloamua, mbona nyumba hupambwa katika mwezi wa ukata? Jibu liko katika kutenganisha kununua na kutundika. Kitambaa kinaweza kungoja. Mahindi na maharage yakiuzwa kati ya Juni na Septemba, kitambaa hununuliwa pamoja na bati, daftari za shule na mahari ya kijana wa nyumba, kisha huenda kwa fundi cherehani au hukaa sandukuni. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi Sumbawanga katika miezi hiyo ya kiangazi. Fedha hutoka wakati huo, si Desemba. Harusi, ambazo Ufipa hufuata mavuno, hazingoji: sebule ya wazazi hupata mapazia Agosti. Hivyo kuna misimu miwili ya kutundika na mmoja wa kununua, na anayetazama madirisha ya Desemba peke yake hataiona ile safari ya kitambaa iliyoanza miezi mitano kabla.

Angalia jinsi pazia lenyewe linavyoshonwa, utaona hesabu ya mkulima ndani yake. Fundi hupima upana wa dirisha na kuuzidisha mara mbili ili marinda yatoshe. Mwenye fedha kidogo hupunguza marinda, na pazia hukaa bapa. Chini huachwa upindo mpana, ili likihamia dirisha refu lifumuliwe na kuteremshwa. Rangi zinazodumu sebuleni ni zile zinazovumilia vumbi la Septemba: kahawia, damu ya mzee, rangi ya udongo. Nyeupe na rangi ya maziwa huwekwa kwa sikukuu, mvua zikiwa zimelaza vumbi.

Wapo watakaosema basi ni hali ya hewa tu: baridi inataka kitambaa kizito, vumbi linataka rangi iliyokolea, na mavuno hayana la kuongeza. Hali ya hewa inaeleza uzito na rangi. Haielezi mabadiliko yenyewe, na miaka ya shida inathibitisha hilo. Kati ya 1979 na 1984, baada ya vita vya Kagera, vitambaa vilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoadimika Tanzania nzima, ingawa nchi ilikuwa na viwanda vyake, kikiwemo Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Baridi ya Juni haikupungua miaka hiyo, wala vumbi. Kilichokosekana ni kitambaa cha kununua kwa fedha ya mahindi, na nyumba zilikaa na pazia moja hadi likachanika. Mpaka wa Kasesya, ambao kitambaa kingeweza kupitia, nao haukutenganisha watu kama ulivyochorwa. Wamambwe wako pande zote mbili, na mstari uliokubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1890 uliwakuta hapo. Vitenge vimevuka huku na huko kwa kufuata upande ulio na bidhaa na thamani ya kwacha dhidi ya shilingi. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliifanya biashara ya namna hiyo kuwa ya hatari, na mwaka uliofuata serikali ililegeza uagizaji wa bidhaa. Kitambaa kikarudi dukani, na wateja wakarudi na kalenda ileile.

Kuhusu fasheni ya ng'ambo, sibishi kwamba ina nguvu. Sehemu kubwa ya vitambaa vya mapazia vinavyouzwa Kariakoo leo hutoka China, ambako soko la Keqiao mkoani Zhejiang ni miongoni mwa makubwa duniani, na maua mapya huonekana kwenye simu za Sumbawanga siku ileile yanapoonekana Dar es Salaam. Lakini kuona si kununua. Mwaka 2017 ulikuwa mtihani wa kweli. Serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi katikati ya mwaka, wakati wa mavuno, na bei ikaanguka kote Nyanda za Juu Kusini, Rukwa ikiwemo, mkoa ambao soko lake la asili liko ng'ambo ya mpaka. Viwanda vya Zhejiang havikusimama mwaka huo. Simu hazikuzimwa. Nyumba iliyokuwa na magunia ghalani bila mnunuzi haikuwa na njia ya kuifuata fasheni hata ikiijua vema, na ilifua pazia la mwaka uliopita. Nchi inayowahukumu watu wa mikoani kwa kuchelewa mitindo ingefanya haki zaidi kwa kutazama uamuzi wa aina hiyo.

Kuna kundi moja ambalo hoja hii hailishiki sawasawa: watu wa mshahara. Walimu, wauguzi, maofisa wa forodha na wa halmashauri ya wilaya ya Kalambo hulipwa kila mwezi, na wao huweza kubadilisha pazia Machi kama wakitaka. Wanaongezeka. Vikoba vya akina mama, yaani vikundi vya kuweka na kukopa kwa hisa, pia vinabadilisha mambo, kwa kuwa vikundi vingi huvunja mzunguko mwishoni mwa mwaka na kugawana fedha Desemba, hivyo kununua na kutundika vinaanza kukutana mwezi mmoja. Hata hivyo, mwanakikoba mkulima hununua hisa nyingi baada ya kuuza mazao na chache mvua zinapokuwa zimemkalia, na kiasi anachogawiwa Desemba hubeba alama ya Julai. Ni hapo, katika daftari la hisa la kikundi cha kijijini, ambapo historia ya nguo za nyumbani za Ufipa kwa miaka ijayo itasomeka vizuri kuliko katika orodha za mitindo.