Android Ilianzia kwa Kompyuta, Si Mfukoni

Wasee, swali la haraka. Simu ya kwanza ya Android iliingia dukani lini? Ukisema 2008, umepata. Ilikuwa T-Mobile G1, imetengenezwa na HTC, na ilianza kuuzwa Marekani Oktoba mwaka huo. Sasa swali la pili: watu wa nje ya Google walianza kuwasha Android lini? Hapo wengi wanateleza. Jibu ni Novemba 2007, karibu mwaka mzima kabla ya hiyo simu kuuzwa.

Waliiwasha wapi na simu haikuwa dukani? Kwa kompyuta. Google ilitangaza Android tarehe 5 Novemba 2007, na wiki moja baadaye ikatoa vifaa vya kutengenezea apu. Ndani ya hivyo vifaa kulikuwa na emuleta, yaani programu inayojifanya simu. Unaifungua kwa laptopu, unaona skrini ndogo na vitufe pembeni, na ndani yake Android nzima inatembea.

Nimeileta hii stori kwa sababu ukisema saa hizi kwamba unaendesha Android ndani ya laptopu, kuna mtu atakuangalia vibaya. Ati hiyo ni njia ya panya. Ati ni ya wezi wa gemu, ama ya watu hawana simu. Mimi nasema hivi: hiyo si njia ya panya, ndiyo barabara ya kwanza. Na saa hii kuna watu wanaweka geti kwa hiyo barabara, kwa hivyo ni vizuri ujue ilitoka wapi.

Turudi nyuma kabisa, miaka ya 1960. Kompyuta moja ilijaza chumba na bei yake haikuwa ya mtu binafsi. Watu wa kuitumia walikuwa wengi, mashine ni moja. Pale Cambridge, Massachusetts, IBM ilikuwa na kituo cha utafiti, na kina Robert Creasy na Les Comeau wakaja na wazo ambalo mtu yeyote amewahi kuishi Nairobi atalielewa: ploti.

Fikiria mwenye ploti ana jengo moja. Analigawa vyumba, kila mpangaji anapata mlango wake, soketi zake na mita yake ya tokeni. Mpangaji akifunga mlango, ni kama ana nyumba yake peke yake. Hajui wa chumba cha pili anapika nini, na chumba kimoja kikiharibika, vingine haviguswi. Mfumo wao uliitwa CP-40, ulianza kazi Januari 1967, na uliweza kugawa mashine moja iwe mashine 14. Kila mtu alidhani ana kompyuta nzima. Hiyo ndiyo tunaita mashine pepe: kompyuta kamili ambayo iko kwa programu tu, ndani ya kompyuta nyingine. Kufikia 1972 IBM ilikuwa inawapa wateja huo mtindo kwa jina VM/370.

Shika hiyo point: mashine pepe haikuzaliwa kwa sababu watu walikuwa na vitu vingi. Ilizaliwa kwa sababu mashine zilikuwa chache na watu walikuwa wengi.

Halafu zikaja kompyuta ndogo za mezani, na hadithi ikakwama. Mwaka 1974, Gerald Popek na Robert Goldberg walikuwa wameandika masharti ambayo prosesa inafaa kutimiza ndiyo igawanywe vizuri. Sharti kubwa ukiliweka kwa lugha ya ploti ni hili: mpangaji akiguza swichi kuu ya stima, lazima mwenye ploti ajue. Prosesa za Intel ambazo zilijaza ofisi na nyumba za dunia hazikutimiza hilo. Kulikuwa na amri ambazo mpangaji angezitumia, kengele isilie, na jibu litoke tofauti. Wengi waliona hizo kompyuta haziwezi kugawanywa.

Mwaka 1998 kikundi cha watu, wakiwemo Diane Greene na Mendel Rosenblum wa Stanford, kikaanzisha VMware. Mwaka uliofuata wakatoa programu iliyofanya kile wengi walidhani hakiwezekani. Ujanja wao ulikuwa kusoma amri za mpangaji kabla hazijatekelezwa, na kubadilisha zile hatari. Ilifanya kazi vizuri hadi watengenezaji wa prosesa wenyewe wakafuata: Intel ikaweka uwezo huo ndani ya chipu 2005, AMD 2006. Kama laptopu yako imetengenezwa miaka kumi hivi iliyopita, karibu hakika unao. Pengine umezimwa tu.

Sasa Android. Ile emuleta ya 2007 ilijengwa juu ya QEMU, programu ambayo Mfaransa Fabrice Bellard aliitoa 2003. Hiyo simu ya uongo ilikuwa na jina la ndani, goldfish, samaki wa kwenye bakuli. Jina fiti, kwa sababu Android ilikuwa inaogelea ndani ya kioo cha mtu mwingine.

Lakini ilikuwa polepole, si mchezo. Sababu ni lugha. Prosesa za simu zilikuwa za ARM, prosesa za laptopu zilikuwa za Intel na AMD, na hizo mbili hazisikizani. Umewahi kuwa kanisani mhubiri ametoka ng'ambo na kuna mkalimani? Mhubiri anasema sentensi, ananyamaza. Mkalimani anasema, ananyamaza. Mahubiri ya nusu saa yanakuwa saa nzima. Hivyo ndivyo emuleta ilifanya kazi, kila amri ya ARM inatafsiriwa kwanza. Waulize waliotengeneza apu miaka ile. Ulikuwa unaiwasha, unaenda kupika chai, unarudi bado haijawaka.

Na bado watu walifanya kazi nayo. Google iliandaa shindano la apu lenye zawadi za dola milioni 10, na raundi ya kwanza ilifungwa Aprili 2008. Zaidi ya kazi 1,700 ziliingia kutoka nchi zaidi ya 70, na hakuna duka lolote duniani lilikuwa linauza simu ya Android. Hizo apu zilizaliwa ndani ya bakuli la samaki.

Huku kwetu, Android ilianza kupata miguu 2011 hivi, Huawei Ideos ilipouzwa kwa karibu shilingi 8,000. Kabla ya hapo, msee wa Nairobi aliyetaka kujifunza kutengeneza apu ya Android na hana pesa ya simu ghali alikuwa na mlango mmoja tu: hiyo emuleta ya polepole. Ilikuwa bure, na haikuuliza una simu gani.

Dawa ya upole ilikuja kwa njia mbili. Ya kwanza: badala ya kutafuta mkalimani, mhubiri mwenyewe ajifunze lugha ya wenyeji. Mwaka 2009 mradi wa Android-x86, ukiongozwa na Chih-Wei Huang wa Taiwan, ulianza kubadilisha Android ili izungumze na prosesa za laptopu moja kwa moja. Ungeweza kuiweka kwa kompyuta kama mfumo kamili, ama uifungue ndani ya VirtualBox kama mpangaji. Njia ya pili ilikuwa kutumia ule uwezo wa kugawanya ambao Intel na AMD walikuwa wameshaweka ndani ya chipu. Ukiunganisha hizo mbili, mkalimani anaenda nyumbani. Genymotion ya Ufaransa ilifanya hivyo kwa kutumia VirtualBox, na watengenezaji wa apu wakapumua. Emuleta ya Google yenyewe ilikuja kupata kasi ya maana 2016.

Shida iliyobaki ilikuwa gemu, kwa sababu nyingi zina sehemu zilizoandikwa kwa ajili ya ARM pekee. Intel ikatengeneza mkalimani mwepesi wa hizo sehemu tu, jina lake Houdini.

Gemu ndizo zilileta umati. BlueStacks ilitoka 2011 ikiwaambia watu wa kawaida, si wataalamu, kwamba wanaweza kucheza za simu kwa kompyuta. Kufikia 2018 Tencent ilikuwa na emuleta yake rasmi ya PUBG Mobile. Lakini hawakukuacha tu uingie na mausi yako ukamalize watoto wanaocheza kwa kidole. Wa emuleta waliwekwa pamoja na wa emuleta. Naipenda hiyo kanuni kwa sababu ni ya haki: hawakufukuza mtu, walipanga foleni mbili.

Mwaka 2021 Microsoft ikaona na yenyewe iingie. Windows 11 ilikuja na Android ndani ya mashine pepe, apu zikitoka duka la Amazon. Watu wakashangilia. Machi 2024 ikatangaza inaifunga, na tarehe 5 Machi 2025 msaada ukaisha. Miaka minne haikufika. Funzo hapo ni rahisi: mlango uliopewa na kampuni moja, kampuni hiyo hiyo inaweza kuufunga kwa tangazo moja.

Upande wa Apple, mlango haukuwahi kufunguliwa. Kifaa chao cha kujaribia apu kinatembea kwa Mac pekee, na kinaiga tu mazingira ya iPhone, hakiwashi iOS yenyewe. Kampuni ndogo ya Florida, Corellium, ilipotengeneza iPhone pepe kwa ajili ya watafiti wa usalama, Apple iliipeleka kortini Agosti 2019. Desemba 2020 jaji alisema kutumia iOS kwa njia hiyo ni matumizi halali. Rufaa ikaenda, na mwisho wa 2023 wakamaliza kwa makubaliano.

Upande wa Android geti linakuja kimyakimya. Google ina huduma inaitwa Play Integrity. Apu ikifunguliwa inaweza kuiuliza, "Hii simu ni ya kweli?" Ikiambiwa hapana, apu inakataa kufunguka. Apu nyingi za benki duniani zinafanya hivyo. Na si uongo, wana sababu. Mtu mmoja akiwa na kompyuta kubwa anaweza kuwasha simu pepe nyingi, afungue akaunti bandia nazo, na pesa za watu ziende.

Mimi sina shida na benki kufunga mlango wake. Angalia M-PESA. Ilipoanza Machi 2007, kabla Android haijatangazwa, iliweka menyu yake ndani ya laini. Utambulisho wako ulikuwa kwa kadi unayoishika mkononi, si kwa skrini. Hicho ni kitu ambacho mashine pepe haina, na sawa tu. Pesa inahitaji kitu cha kushika.

Shida yangu ni pale apu ya masomo, ya ramani ama ya kupiga stori inapouliza swali hilohilo la benki. Hapo hawakulindi. Wanakuchagulia tu ni kifaa gani kinastahili. Na ukikumbuka kwamba Android yenyewe ilikulia ndani ya simu ya uongo, kuita hiyo simu bandia leo ni kama mtu kukana ploti aliyozaliwa.

Kwa nini hii inatuhusu? Kwa sababu wengi wetu tuko pale IBM ilikuwa miaka ya 1960: mashine chache, watu wengi. Nyumba ina laptopu moja ya mitumba, inatumiwa na ndugu watatu. Mtu anataka kutengeneza apu ifanye kazi kwa simu ya skrini ndogo, kwa tableti, na kwa Android ya zamani ambayo shosho bado anatumia. Hawezi kununua simu zote hizo. Lakini anaweza kuziwasha zote, moja baada ya nyingine, ndani ya hiyo laptopu, na akiharibu moja anaifuta anaanza upya bila kulipa fundi hata bob. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kutumia apu za wengine na kutengeneza zako.

Kama unataka kuanza, fungua Task Manager kwa Windows, nenda mahali pa prosesa, uangalie kama Virtualization imeandikwa Enabled. Kama imezimwa, iwashe kwa BIOS: kwa Intel tafuta VT-x, kwa AMD tafuta SVM. RAM 4 itakohoa, 8 inaanza kupumua. Halafu chunga unapakua wapi. Februari 2021 watafiti wa ESET walionyesha kwamba masasisho ya emuleta maarufu ya NoxPlayer yalikuwa yametekwa na wadukuzi. Kwa hivyo chukua kutoka tovuti ya wenyewe, na usiingize nenosiri la benki humo ndani.

Na mtu akikuambia hiyo si simu ya kweli, muulize Android ilikuwa inaishi wapi Novemba 2007.