Kutenganisha Sauti za Gita la Katanga: Kutoka Santuri hadi MIDI

Historia ya gita la Katanga haitenganiki na historia ya migodi. Reli iliyotoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika Kambove mwaka 1913, na njia iliyosafirisha shaba ilipitisha pia watu, lugha na ala za muziki. Kiswahili kikawa lugha ya kambi za wafanyakazi, na Mwenda Jean Bosco akakitumia katika nyimbo zake. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville (Likasi tangu 1966), jirani ya Kambove.

Anayeisikia santuri ya Mwenda kwa mara ya kwanza hudhani kwamba magita ni mawili. Kumbe mpigaji ni mmoja: kidole gumba hushika sauti za chini, na kidole cha shahada hupiga za juu. Kipaza sauti kiliziunganisha zote katika mkondo mmoja. Kwa hiyo David Rycroft, aliyechapisha uchambuzi wake katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilimbidi azitenganishe kwa sikio.

Mfumo wa MIDI, uliotolewa mwaka 1983, ulileta njia nyingine. Mfumo huo haubebi sauti, bali maagizo: noti ipi imeanza, kwa nguvu gani, na imekoma lini. Waya mmoja hubeba njia 16, na kila chombo huitikia njia kilichopangiwa. Gita lenye kinasio cha pekee kwa kila uzi huweza kutumia njia sita. Hapo kiunganishi huelekeza nyuzi za chini kwenye chombo kimoja na za juu kwenye kingine, na kichujio huzuia maagizo yasiyotakiwa.

Yafaa tuulize: kichujio hutupa nini? Kwanza, njia hutambulisha uzi, si kidole. Ilhali kiini cha mtindo huu ni mgawanyo wa kazi baina ya vidole viwili. Pili, noti hafifu iliyo chini ya kiwango kilichowekwa hufutwa kama kosa, hata kama mpigaji aliikusudia. Tatu, Mwenda alifariki mwaka 1990. Anayepiga leo kwa gita la MIDI anatupa upigaji wake mwenyewe. Programu zinazokisia noti kutoka rekodi za zamani nazo huchuja kwa kanuni zake.

Ni dhahiri, basi, kwamba kuelekeza na kuchuja ishara si kazi ya fundi peke yake, ni tafsiri. Mtafiti atakayewarekodi wapigaji wa Kambove na Likasi ahifadhi kwanza sauti nzima isiyochujwa, kisha aandike kila kiwango alichokiweka. Santuri ya 1952 bado yatufundisha kwa sababu haikuchagua kati ya gumba na shahada.