Tarikhi ya Risiva na Amplifaya Zilizojitenga Nayo

Katika vyumba vya mitambo vya majumba ya sinema ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, nyuma ya kidirisha ambacho mwendesha filamu alichungulia pazia, palisimama fremu ndefu ya chuma iliyopangwa vyombo vya kampuni ya Western Electric, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na kazi yake. Kilichopewa namba 41 kilipokea sauti dhaifu iliyotoka katika santuri au katika filamu yenyewe na kuipandisha kiasi. Namba 42 kiliitia nguvu ya kuzitikisa spika za pembe zilizofichwa nyuma ya pazia. Na mwenye ukumbi mpana, ambaye nguvu hiyo isingemfikishia sauti katika viti vya nyuma, aliongezewa namba 43, bila ya vile viwili vya mwanzo kubadilishwa. Nguvu zenyewe zilikuwa wati chache tu, ambazo leo zingedharauliwa na kijana yeyote mwenye sabufa mtaani, walakini mpango ule ulikuwa na hekima isiyochakaa: kuitawala sauti na kuitia sauti nguvu ni kazi mbili, na ya pili yaweza kuongezwa bila ya kuguswa ya kwanza.

Mtu wa zama hizi anayetafuta risiva ya sinema ya nyumbani ili aiunganishe na amplifaya za nguvu zilizo mbali nayo anaurudia mpango huo pasipo kujua, na mengi yanayomtatiza dukani humfungukia kwa wepesi zaidi akifahamu jinsi kazi mbili hizo zilivyotengana, zikaoana katika kasha moja, kisha zikaanza kutengana tena.

Asili ya yote ni valvu ya Lee de Forest, ambayo aliibuni mwaka 1906 na ambayo mwenyewe hakufahamu vyema jinsi ilivyofanya kazi. Kampuni ya simu ya Marekani ilinunua haki zake, mafundi wake wakaitengeneza ikawa ya kutegemewa, na kwa msaada wake, Januari 1915, mtu wa New York akasemezana na mtu wa San Francisco. Sinema ikairithi ilimu hiyo ya simu: filamu ya The Jazz Singer, iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York tarehe 6 Oktoba 1927, ilisikika kwa mitambo ya watu wa simu. Miezi miwili kabla yake, tarehe 2 Agosti, Harold Black, mhandisi wao mmojawapo, alikuwa ndani ya feri akivuka mto Hudson kwenda kazini, akajiwa na fikra ambayo aliinakili papo hapo juu ya ukurasa wa gazeti la The New York Times. Muradi wa fikra ile ni kwamba sehemu ya sauti iliyokwisha kukuzwa irudishwe mwanzoni ikiwa imepinduliwa, ili makosa yaliyozaliwa njiani yafutike. Amplifaya hupoteza kwa hiari yake sehemu kubwa ya ukuzaji, na kwa hasara hiyo hujipatia usafi. Ofisi ya hataza haikumpa hati yake hata mwaka 1937, kwani jambo la kutupa kusudi kile kilichotafutwa kwa taabu lilionekana kama mzaha.

Uingereza ndiko fikra ya Black ilikozaa matunda majumbani. Mwaka 1945 Harold Leak alitoa amplifaya aliyoiita Point One, akidai kwamba upotofu wake wa sauti haukuzidi asilimia 0.1, na mwezi wa Aprili 1947 D.T.N. Williamson akachapisha katika jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya ya wati 15 ambao mafundi wa dunia nzima waliunakili. Yafaa kuangalia kwamba Williamson alianza na nguvu peke yake. Chombo cha kuitawala sauti, chenye vifundo vya kuongeza na kupunguza besi, alikieleza baadaye, mwaka 1949. Haikuwa kiburi cha kitaalamu kuvitenga vitu hivyo, bali dharura. Valvu za nguvu ziliwaka moto wa kuunguza kidole, transfoma zake zilikuwa nzito, tena zilitoa mvumo uliojipenyeza katika sauti dhaifu ya santuri kila zilipokaribiana nayo. Peter Walker wa Huntingdon alipotoa Quad II mwaka 1953 aliyatii masharti hayo kwa adabu: amplifaya ilifichwa chini kabatini, na juu, mbele ya macho ya wageni, kikakaa kisanduku cha kutawala kilicholishwa umeme na amplifaya yenyewe kwa waya wenye nyuzi nyingi. Amplifaya hiyo iliendelea kutengenezwa hadi karibu mwaka 1970, na nyingi zingali hai.

Wamarekani nao walikuwa na mabingwa wao. Frank McIntosh alikuwa tayari na amplifaya ya wati 50 mwaka 1949. Saul Marantz alianza kwa kuunda kisanduku cha kutawala nyumbani kwake katika mtaa wa Kew Gardens, New York, na hakutoa amplifaya ya nguvu mpaka mwaka 1956. David Hafler naye, mwaka 1959, akauza kwa bei ya wastani Stereo 70 ya Dynaco, ambayo mnunuzi aliweza kuiunganisha mwenyewe kwa chuma cha kulehemu. Lakini wote hao waliwauzia watu wenye subira. Sidney Harman na Bernard Kardon waliwafikiria wengine, wale wasiotaka kujua ni waya gani unaingia tundu gani, na mwaka 1954 wakaleta Festival D1000, ambamo redio, vifundo vya kutawala na amplifaya viliwekwa katika kasha moja la kupendeza. Hiyo ndiyo mama wa risiva zote. Nimesoma maneno ya wapenzi wa sauti wanaoitaja siku ile kama siku ya msiba; mimi sioni hivyo, kwa sababu kasha lile liliwaingizia muziki mzuri watu ambao mabingwa waliwasahau, na lau si wao, biashara yenyewe ingebaki ya watu wachache.

Transista iliondoa moto na sehemu kubwa ya uzito, redio ya stirio ikaidhinishwa Marekani mwaka 1961, na viwanda vya Japani vikaichukua risiva na kuifanya silaha ya mashindano. Wati zilitangazwa kwa uongo mwingi hata serikali ya Marekani ikalazimika kuweka kanuni mwaka 1974 ya jinsi ya kuzipima. Kanuni haikupunguza hamu. Ikawageuza tu washindani wawe wakweli na wazito, hata mwaka 1978 Pioneer ikatoa SX-1980 yenye wati 270 kwa kila upande, kasha la kilo 35 hivi ambalo mtu mmoja hakulinyanyua ila kwa kujihadhari na mgongo wake. Nyuma ya risiva nyingi za zama zile palikuwa na jambo dogo ambalo kwangu lina thamani kuliko wati zote hizo: jozi mbili za matundu, moja ya kutolea sauti isiyotiwa nguvu na nyingine ya kuingilia katika amplifaya ya ndani, zilizounganishwa kwa vipini vya chuma vyenye umbo la herufi U. Ukivichomoa vipini hivyo, ndoa ya mwaka 1954 ilivunjika kwa muda. Risiva ikabaki kutawala, na kazi ya nguvu ukaikabidhi kwa chombo kingine. Matundu ya leo ya kutolea sauti ndiyo kizazi cha yale, isipokuwa wenzao wa kuingilia wamefutwa, na upotevu huo una matokeo nitakayoyataja.

Kisha sinema ikahamia sebuleni. Sauti ya Dolby Stereo iliyosikika katika Star Wars mwaka 1977 ilipata ndugu yake wa nyumbani mwaka 1982, na Pro Logic ikafuata mwaka 1987. Mwaka 1990 watu wa Lucasfilm, kwa ilimu ya Tomlinson Holman, waliyaleta nyumbani masharti yao ya THX. Dolby Digital ilianza sinemani na Batman Returns mwaka 1992, ikafika nyumbani kwa diski za leza mwaka 1995. Tokea hapo kichwa cha risiva hakikupata raha tena. DVD ilitoka Japani mwaka 1996. Waya wa HDMI ulibuniwa mwaka 2002, na mwaka 2006 ukapewa uwezo wa kupitisha sauti mpya zisizopunguzwa kitu. Atmos, iliyoanza katika kumbi za sinema mwaka 2012 na kuingia nyumbani mwaka 2014, ikataka spika mpaka darini. Risiva kadhaa zilizotoka mwaka 2020 zikiwa na HDMI ya kisasa kabisa zilibainika, kwa kasoro ya chipu moja, kuwa hazipitishi picha za kasi za michezo ya kompyuta, na wenyewe wakangoja dawa. Wakati huo wote amplifaya ya nguvu haikuombwa kujifunza lolote. Iliyotengenezwa vizuri mwaka 1990, ikiwa kapasita zake zi nzima au fundi amezibadilisha, hupokea volti kutoka katika risiva ya Atmos kama ilivyozipokea kutoka katika Pro Logic, mithili ya wapiga makasia ambao nahodha wao amebadilishwa na bahari ni ile ile.

Hapo ndipo ulipo uamuzi wa mnunuzi. Wati zilizoandikwa juu ya boksi la risiva zisimshughulishe, kwa kuwa aghalabu zilipimwa njia mbili tu zikifanya kazi, ilhali transfoma moja hulisha njia saba au tisa. Na zaidi ya hayo, yeye hatazitumia. Aangalie kwanza nyuma, ahesabu matundu ya kutolea sauti, maana risiva nyingi za bei ya chini hazina ila la sabufa. Kisha aulize juu ya volti. Kwa desturi iliyowekwa na THX, amplifaya hukuza kwa desibeli 29, yaani volti moja huingia ikatoka kama 28, ambazo katika spika ya omu 8 ni karibu wati 100. Yenye ukuzaji wa desibeli 26, ikiwa ni ya wati 200, hudai volti mbili zilizo safi, na si kila risiva huzitoa bila ya kuchafuka. Tena hapa ndipo tunapolipia kufutwa kwa vile vipini vya U: amplifaya za ndani, maadam haziwezi kutengwa kwa mkono, huendelea kukuza hata kama hazina spika, na katika baadhi ya risiva zinapofika ukomo wake huichafua na sauti inayokwenda nje. Watengenezaji wachache wamekumbuka, wakaweka katika menyu amri ya kuzilaza, ya njia zote au ya zile anazozitaka mtu. Ningeitanguliza amri hiyo mbele ya urembo wote wa kioo cha mbele, na baada yake ningeutazama ustadi wa risiva katika kukipima chumba kwa mikrofoni na kuisahihisha sauti, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ambayo amplifaya, hata iwe ghali namna gani, haiwezi kuifanya.

Kuna watakaosema kwamba ni israfu kununua amplifaya tisa zilizomo risivani kisha kuzilaza, na kwamba heshima ni kununua chombo cha kutawala peke yake. Hoja ni nzuri karatasini, lakini soko haliitii: vyombo hivyo huuzwa vichache, risiva huuzwa kwa wingi, na mara nyingi cha kwanza, kisicho na amplifaya hata moja, humshinda ndugu yake kwa bei. Kwa sababu hiyo mimi ningechukua risiva ya daraja la kati, nisiitarajie kuishi nami zaidi ya miaka saba au minane, na fedha iliyosalia ningeitia katika amplifaya. Kitu kimoja cha mwisho kiulizwe dukani, nacho ni kitundu cha volti 12, ambacho kwa waya mwembamba huziwasha amplifaya risiva inapowashwa na kuzizima inapozimwa; wauzaji wengi hawakitaji, na anayekikosa hulazimika kuinama nyuma ya kabati kila jioni kubonyeza swichi.