Arobaini Isiyo na Mtoto

Mutuka, mjini Babati, i mbali na bahari, lakini mwili wa mzazi haujui bara wala pwani. Damu ya nifasi hutoka kwa wiki kadhaa, tumbo la uzazi hunywea kwa muda wa wiki sita hivi. Na kati ya siku ya pili na ya nne maziwa hujaa kifuani, mtoto awe hai au amekufa.

Pwani, siku hizo ni arobaini: mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, wala haachwi peke yake. Kwa Wairaqw wa Mbulu na Babati, aliyeharibu mimba au kufiwa na kichanga alikuwa na siku zake, metimani. Alitengwa kwa miezi, asiingie nyumba za watu, kwa hofu kwamba msiba wake ungewaambukiza majirani. Katika karne ya 20, Ukristo ulipoenea, desturi hiyo ilififia.

Desturi zote mbili zilimweka mwanamke kando. Zilitofautiana katika nani aruhusiwe kuketi naye. Maziwa yasiyonyonywa huuma siku chache, kisha hukauka. Huzuni haikauki pamoja nayo, na mfiwa ndiye aliyehitaji mkandaji zaidi.